Gari isiyo na ndugu: kisa cha mwalimu wa Molo na modeli ya mwaka wa kwanza

Nimefungua boneti za watu hapa Nakuru miaka kumi na sita sasa, na swali naloulizwa sana siku hizi sio "fundi, hii inagonga wapi", ni "fundi, kuna hii mpya imetoka juzi, nichukue ama ningoje". Nimejibu kwa simu, nimejibu nje ya kanisa, nimejibu nikiwa chini ya gari ya mtu mwingine, na kila mara naona jibu langu ni fupi kuliko shida yenyewe. Leo nachukua kisa kimoja nikieleze chote, pesa, siku na spea. Mwenyewe amekubali niandike bora nisitaje jina lake wala aina ya gari. Nitamwita Mwalimu, manake hata kwa simu ndivyo namwita.

Mwalimu ni naibu wa mkuu wa shule upande wa Molo lakini nyumba yake iko Kiamunyi. Hio ni karibu kilomita 50 kwenda na 50 kurudi kila siku ya shule, Ngata, Salgaa, kisha ule mlima wa Sachangwan na malori yake, unatokea Kibunja unakata kuingia Molo. Barabara inatoka mita kama 1,850 juu ya bahari hapa Nakuru inafika kama 2,500 huko juu. Shikeni hizo namba mbili, tutazirudia.

Alikuwa na gari ya saluni, ya mtumba, kuukuu lakini zima, niliijua kila bushi yake. Januari 2024 akaja hapa garaji akiwa na karatasi ya bei: gari mpya kabisa, modeli imezinduliwa Kenya miezi hio hio, ya kuinuka kidogo, injini ndogo yenye turbo, eabegi sita, inajishikia breki yenyewe ikiona kitu mbele, waranti ya miaka 5 ama kilomita 150,000. Bei 3,450,000. Angeuza ile ya zamani, aongeze akiba yake, afike 1,650,000, halafu sako impe 1,800,000 kwa miezi 48 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayohesabiwa kwa deni lililobaki, yaani kama 47,400 kila mwezi.

Simlaumu na sitaki mtu amlaumu. Mtumba nao umepanda bei, na kwa ile sheria ya miaka 8 mwaka huo wa 2024 gari ya kuingiza kutoka Japani lazima iwe imesajiliwa mara ya kwanza 2017 ama baadaye, kwa hivo ukiweka pamoja bei, ushuru na meli unakuta uko karibu kabisa na gari mpya ndogo ya shoruumu. Alafu Mwalimu ana watoto watatu na anapita Sachangwan kila siku, mahali ambapo sisi wa Nakuru hatuhitaji kukumbushwa kilichotokea 2009, lile lori la mafuta lililowaka moto likaua watu. Mtu kama huyo akisema nataka breki inayojishika na eabegi sita, utamwambia nini?

Nilimwambia "Mwalimu, ngoja mwaka mmoja na nusu." Akaniuliza kwa nini. Nikasema "gari ya mwaka wa kwanza huwa na mambo." Akanijibu vizuri tu kwamba kampuni kubwa haiwezi kutoa gari mbovu. Na hapo ndipo nilipokosea mimi kama fundi wake, sikumweleza. Gari haikuwa mbovu na hata sai sio mbovu. Neno nililopaswa kumwambia ni kwamba gari hio haikuwa na ndugu.

Namaanisha hivi. Ukinunua gari ambayo imekuwa barabarani hapa miaka minne, unaingia kwa ukoo. Kuna fundi wa pale Shabab, hapa Nakuru, amefungua giaboksi yake, kuna mwingine Kibuye kule Kisumu anajua sensa gani inaanza kusumbua ikifika kilomita 80,000, kuna iliyogongwa ikauzwa vipande na mlango wake uko mahali Kirinyaga Road, ile barabara ya spea Nairobi, kuna mtu wa yadi ya kuuza magari anakutajia bei yake bila kupiga simu. Gari mpya kabisa iko peke yake. Ina wazazi tu, na wazazi wako mbali.

Mambo yalianza mwezi wa tatu, na yalianza madogo. Skrini ya dashibodi ikawa inazima yenyewe, na ikizima inaenda na kamera ya nyuma. Akaipeleka kwa waliomuuzia, ikakaa siku 4, wakaweka programu mpya, ikaisha. Baadaye bushi ya mbele ikaanza kulia kama mlango wa zamani, siku 2, wakabadilisha, ikaisha. Haya siyahesabu kama kasoro kubwa.

La kubwa lilikuja Oktoba 2024. Ilikuwa jioni, anateremka kutoka shule, mvua. Gari yake haina geji ya moto ya sindano kama zile za zamani, ina taa tu, ya samawati injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka, hapo katikati haikuambii kitu. Ile nyekundu ikawaka karibu na Salgaa. Mwalimu alifanya jambo moja ambalo liliokoa injini, alisimama na kuzima papo hapo, hakusema wacha nisukume hadi petroli stesheni. Brekidauni ikamtoza 9,000 na ikamleta kwangu saa tatu usiku kwa sababu kule kwa kampuni kulikuwa kumefungwa.

Nikafungua boneti na tochi mdomoni. Harufu ya kulanti, ile dawa ya maji ya kupoza injini, ilikuwa imejaa, ile tamutamu, na upande wa kulia wa injini kulikuwa na ukoko wa rangi ya waridi umekauka kwa mstari, maana yake ilikuwa inavuja polepole kwa wiki nyingi. Ilitoka kwa nyumba ya thamostati, ile inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini, kile kikombe cha plastiki nyeusi kinachoshikwa na bolti tatu. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, kwenye kona ambapo plastiki inapinda kufuata bolti. Ungeupitisha kucha hungeuhisi. Sikuugusa, manake waranti inataka wao ndio wafungue. Nilipiga picha ya kikombe na namba ya spea iliyochorwa juu yake, na asubuhi ikapelekwa.

Hapa ndipo zile namba mbili za mita zinaingia. Maji yanachemka kwa digrii 100 ukiwa Mombasa, lakini ukiwa mita 2,500 yanachemka kwa kama 92, na injini za siku hizi zinapenda kufanya kazi hapo hapo kwa 90 na kitu. Kinachozuia yasichemke ni mchanganyiko wa kulanti, na zaidi ya hapo ni presha iliyofungiwa ndani ya mfumo. Ukipata ufa, presha inatoka, na presha ikitoka huko juu hauna nafasi ya kujitetea, hata kama maji bado yapo. Ufa ule ule kwa gari inayozunguka Nyali kule Mombasa ungeweza kuvuja miezi mingine mitatu mtu akiongeza maji tu, lakini kwa barabara ya Mwalimu unakulaza njiani. Sijui kama wahandisi walioichora waliipima hivo, ila najua mahali penye plastiki nyembamba huonekana kwanza kwa watu wanaoitesa gari kuliko wengine, na mlima na malori na joto na baridi ya Molo asubuhi ni mateso.

Kampuni walikubali bila ubishi kwamba ni waranti. Hakulipa hata shilingi. Lakini kikombe hakikuwa Nakuru, hakikuwa Nairobi, kilikuwa kiwandani ng'ambo. Siku 23.

Kwa gari yenye ndugu, kikombe kama hicho ningepiga simu Kirinyaga Road saa mbili asubuhi, kikaja kwa parseli ya basi, saa kumi na moja jioni Mwalimu anaenda nyumbani. Kingekuwa cha asili ama cha kuiga ama kilichotolewa kwa gari iliyogongwa, lakini kingekuja. Na sio eti kampuni ni wazembe. Gari kama hio hazikuwa nyingi Kenya, na hakuna mtu anajaza stoo na spea ya kitu ambacho hakijaanza kuharibika, stoo hufuata kuharibika. Wa kwanza kuharibikiwa ndiye anayewafundisha wengine waagize nini.

Gari iliporudi, Mwalimu alikuwa ameomba apewe kile kikombe cha zamani (ombeni kila mara, ni haki yako kuona kilichotolewa) na akapita kwangu. Tukakiweka juu ya meza ya kazi, tukamulika kile kipya kikiwa ndani ya injini. Namba za spea zilikuwa sawa zote isipokuwa herufi ya mwisho, A imekuwa B. Na pale kona, mahali ufa ulipita, cha kipya kilikuwa na ubavu mnene wa plastiki umeongezwa, na kila tundu la bolti lilikuwa na pete ya chuma ndani ambayo cha zamani hakikuwa nayo. Nilikishika kile cha zamani nikakigeuza mara nyingi. Yaani mtu fulani kiwandani alikuwa tayari amejua, alikaa chini akachora upya, akabadilisha moldi ya kumiminia plastiki, gari zinazotoka sasa zina B na hakuna aliyetangaza. Hio ndio maana ya mwaka wa kwanza, na ilikuwa pale mezani unaweza kuigusa.

Na hivi ndivyo kazi inavyokwenda kila mahali. Kiwanda hujaribu gari zake barabarani kweli, kwa barafu na kwa jangwa, lakini ni gari chache zikiendeshwa na watu wanaojua wanachofanya. Watengenezaji wa vipande wenyewe ndio kwanza wameweka moldi mpya na mashine mpya. Siku gari zinaingia kwa maelfu ya wateja ndio jaribio lenyewe linaanza. Hata Toyota ambao sisi huku tunawaapia. Walipotoa pikapu ya Tundra mpya ya 2022 na injini mpya ya V6 yenye turbo mbili, kufika Mei 2024 waliita zirudi zaidi ya gari 100,000 huko Marekani, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, sababu ikiwa ni vipande vya chuma vilivyobaki ndani ya injini wakati wa kuichonga, injini inaweza kugonga ama kuzima ukiwa mwendoni. Na gari yao ya umeme bZ4X, ilikuwa haijamaliza hata miezi michache sokoni, Juni 2022 wakawaambia wenye nayo wasiiendeshe kwa sababu bolti za magurudumu zingeweza kulegea mpaka gurudumu litoke. Zilikuwa kama 2,700 tu dunia nzima, na suluhisho lilipatikana Oktoba. Sisemi haya kuwachafua, wao wanajua kutengeneza gari kuliko karibu wote. Ndio maana nayasema.

Kwa mtu wa mtumba neno moja tu nipite: mwaka wa kwanza unakufuata hata miaka saba baadaye. Toyota Raize ilianza kuuzwa Japani Novemba 2019, zinaingia huku sasa nyingi, na ukiwa na chaguo kati ya iliyotengenezwa miezi ile ya kwanza na iliyotengenezwa mwaka uliofuata kwa bei moja, chukua ya pili. Ile Mazda CX-5 ya dizeli ya 2012 mnajua wenyewe ilivyosumbua watu kwa kaboni kuganda ndani ya injini. Alafu barua za kuitwa zirudi huenda kwa anwani ya mwenyewe wa kwanza kule Japani, wewe hauletewi, kwa hivo chukua namba ya chesisi uiangalie kwa tovuti ya mtengenezaji kabla ya kutuma pesa.

Turudi kwa Mwalimu. Machi 2025, lori mbele yake likarusha jiwe pale Ngata, kioo cha mbele kikapata nyota, asubuhi ya baridi ufa ukakimbia ukapita mbele ya macho ya dereva. Hili halina kosa la kiwanda kabisa. Lakini kioo cha modeli hio kina mahali pa kamera, ile inayoshika breki, na kilikuwa hakipo nchini. Siku 34. Bei 126,000, bima yake ilikuwa na kikomo cha 50,000 kwa kioo, akatoa 76,000 mfukoni. Na kioo kikishabadilishwa kamera lazima ipimwe upya kwa mbao maalum na sakafu iliyo sawa, vifaa viko Nairobi, kwa hivo siku nyingine nzima na kilomita 320 za kwenda na kurudi huku breki ya kujishika ikiwa imezimwa. Ile breki aliyonunulia gari.

Tulikaa Julai mwaka huo tukahesabu. Miezi 17, kilomita kama 31,000, siku 63 gari ikiwa haiwezi kutumika ukitoa ile ya Nairobi. Nauli za matatu na boda karibu 30,000. Brekidauni 9,000. Kioo 76,000. Kwa upande wa matengenezo yenyewe sufuri, waranti ilifanya kazi yake na ni haki niseme hivo. Akapeleka yadi mbili kusikia bei tu, mmoja akakataa kutaja, wa pili akasema 2,250,000. Alipouliza kwa nini imeshuka hivo yule kijana akamwambia ukweli, "mzee, hii sijawahi kuuza, sijui nitamuuzia nani."

Mke wake alisema kitu ambacho nimekibeba tangu siku hio. Alisema zile 47,400 hazikuwahi kumkasirisha, kilichomkasirisha ni kuzilipa kwa mwezi ambao mume wake anaamka saa kumi usiku kungoja matatu.

Basi uamuzi wangu kwa kisa hiki, na nimeufikiria sana. Mwalimu alipaswa kungoja. Sio kwa sababu gari ni mbaya, ila kwa sababu tatu zilizomhusu yeye: ndio gari pekee nyumbani, kazi iko kilomita 50 kwa mlima, na alinunua kwa mkopo ambao haungojei spea. Ukitoa hata mbili kati ya hizo jibu langu linabadilika. Kuna mama wa Milimani nilimwambia anunue modeli mpya kabisa mwaka huo huo, manake anaenda mjini kilomita 6 na bwana ana gari nyingine, ikilala mwezi hamna mtoto anakosa shule. Yeye ananunua amani ya waranti na ana mahali pa kusubiria. Na kama Mwalimu angesisitiza, ningemwambia aombe kwa maandishi kabla ya kulipa kwamba gari ikikaa zaidi ya siku 7 kwa sababu ya spea wampe ya kutumia. Wakati wa uzinduzi ndio wauzaji wanataka gari zionekane barabarani, hapo ndipo mteja ana nguvu. Baada ya kulipa nguvu imeisha. Na bima, kikomo cha kioo kipandishwe, hio ni pesa kidogo sana ukilinganisha na 76,000.

Gari ameiweka. Sasa inaenda vizuri, imeanza kupata ndugu, nimeona nyingine nne hapa mjini na mbili zimekuja kwangu.

Alafu Agosti akanipigia, yuko na shemeji yake, nesi wa Kisumu, anataka modeli ile ile. Nikashangaa kidogo lakini sio sana, manake kuiendesha ni tamu kweli. Shemeji akachukua simu, akaniuliza, "Fundi, mwaka wa kwanza si umeisha? Sasa si niko salama?" Nikamwambia mwaka wa kwanza hauhesabiwi kutoka siku unayonunua, unahesabiwa kutoka siku gari ilipotengenezwa, na shoruumu haina haraka ya kukuambia hio siku. Nikamwambia aende na tochi ya simu. Kwanza asome zile namba nne za mwisho kwa ukuta wa tairi, wiki na mwaka. Pili avute mkanda wa kiti mpaka mwisho, chini kabisa kuna lebo yenye tarehe. Kisha aombe boneti ifunguliwe, upande wa kulia, kikombe cheusi chenye bolti tatu, asome herufi ya mwisho.

Alinitumia picha tatu saa sita mchana. Tairi ilisema 1124, yaani wiki ya 11 ya 2024. Lebo ya mkanda ilikuwa ya Februari mwaka huo. Picha ya tatu ilitikisika kidogo lakini herufi ilisomeka, ilikuwa A. Muuzaji alikuwa ameshachapisha karatasi za mauzo. Shemeji akamwonyesha picha ya kile kikombe chenye ufa, akamuuliza shehena inayofuata inafika lini, akaambiwa Novemba, akaandika namba yake ya simu nyuma ya karatasi na kupanda matatu kurudi Kondele.